Shuka, Jasho na Usingizi: Uchaguzi wa Shuka kwa Mtu Asumbuliwaye na Joto Usiku

Utangulizi

Jiji la Arusha limejengwa chini ya Mlima Meru, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu ya mwinuko huo, hata katika miezi ya Januari na Februari, ambayo ni miongoni mwa miezi yenye joto zaidi, hewa ya nje hupoa sana kadiri usiku unavyozidi kuwa mkubwa. Walakini katika Lemara, kata iliyo upande wa kusini wa jiji hilo, kama ilivyo katika kata nyingine nyingi, wapo watu waamkao saa nane za usiku wakiwa wametota jasho. Mtu wa namna hiyo hulitupa shuka chini, hufunua chandarua, na pengine hukaa kitandani akijipepea mpaka kunapokucha. Ikiwa ni mwanafunzi, kesho yake husinzia darasani. Ikiwa ni mwalimu, hufundisha akiwa amechoka.

Hapo huzuka swali ambalo ni la fizikia kabla ya kuwa la dukani. Ikiwa hewa ya nje imekwisha kupoa, je, joto limsumbualo mlalaji linatoka wapi? Na je, shuka lina sehemu gani katika jambo hilo? Swali hili lina maana kwa wazazi wengi, kwani kila mwanafunzi anayekwenda shule ya bweni hutakiwa kwenda na mashuka yake, na fedha za kuyanunulia hazipatikani kwa urahisi. Makala haya yanaeleza jinsi mwili unavyotoa joto usiku, jinsi kitambaa kinavyosaidia au kinavyozuia kazi hiyo, na jinsi mnunuzi anavyoweza kulipima shuka kwa vifaa vilivyomo katika maabara ya shule ya sekondari.

Joto linatoka wapi?

Mwili wa mwanadamu hauzimiki unapolala. Moyo hupiga, mapafu huvuta hewa, ini na ubongo huendelea na kazi, na kazi zote hizo huzalisha joto. Mtu mzima aliyelala huzalisha joto la kiasi cha jouli 75 hivi kwa sekunde, yaani wati 75. Kiasi hicho ni sawa na umeme utumiwao na balbu ya wati 75 ya aina ile ya zamani.

Kwa usiku mmoja wa saa nane, yaani sekunde 28,800, mwili huo huzalisha jouli 2,160,000. Joto hilo lingeweza kupandisha halijoto ya ndoo ya lita 20 za maji kwa digrii 25 hivi za sentigredi. Lau joto hilo lote lingebaki ndani ya mwili wenye kilo 60, halijoto ya mwili ingepanda kwa digrii zaidi ya 10, na mtu huyo asingeiona asubuhi.

Ni dhahiri basi kwamba kulala vizuri ni kazi ya kutoa joto bila kukoma. Isitoshe, mwili wenyewe hutaka kupoa kidogo wakati wa usingizi. Halijoto ya ndani, ambayo mchana ni digrii 37 hivi, hushuka kwa kiasi cha digrii moja wakati wa usiku, na kushuka huko ni sehemu ya usingizi wenyewe. Kitu chochote kinachoyazuia mashuko hayo huuzuia usingizi pia.

Kutokana na maelezo haya yapatikana jibu la swali la kwanza. Joto limsumbualo mlalaji wa Lemara saa nane za usiku kwa sehemu kubwa ni joto lake mwenyewe, ambalo limekosa njia ya kutokea. Kuta za matofali ya saruji, ambazo zimehifadhi joto la mchana, madirisha yaliyofungwa kwa kuogopa wezi na mbu, godoro la sponji, blanketi na shuka, vyote vinaweza kuizuia njia hiyo.

Njia nne za kutoa joto

Wanafunzi wamejifunza kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, msafara na mnururisho. Kwa kiumbe chenye jasho kuna njia ya nne, nayo ni mvukizo.

Kwa mpitisho, joto hutoka kwenye ngozi na kuingia katika kitu kinachoigusa. Godoro la sponji limejaa vishimo vidogo vyenye hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Kwa hiyo upande wa mwili ulioegemea godoro hautoi joto jingi. Wazee waliolala juu ya mkeka, au juu ya kitanda kilichosukwa kwa kamba, walipata hewa kutoka chini. Alalaye juu ya sponji hana hewa hiyo.

Kwa msafara, hewa iliyopashwa joto na ngozi hupanda na kuipisha hewa iliyo baridi zaidi. Kwa mnururisho, ngozi hutoa mawimbi ya joto kuelekea kuta na dari. Njia hizi mbili hudhoofika pale kuta zinapokuwa na joto na hewa ya chumba inapokuwa imetulia.

Njia ya mvukizo ndiyo tegemeo la mwisho. Ili gramu moja ya jasho igeuke kuwa mvuke kutoka kwenye ngozi, huhitaji jouli 2,400 hivi, na sehemu kubwa ya joto hilo huchukuliwa kutoka mwilini. Hii ina maana kwamba gramu moja tu ya jasho linalokauka huweza kuondoa joto lote linalozalishwa na mwili kwa nusu dakika. Lakini jasho linalotiririka bila kukauka haliondoi joto hilo. Humlowesha tu mlalaji. Kwa hiyo jambo muhimu ni jasho kukauka. Hapo ndipo kazi ya shuka inapoanza.

Nyuzinyuzi na maji

Nyuzinyuzi za pamba ni selulosi. Molekuli za selulosi zina sehemu nyingi zinazovutana na molekuli za maji, kwa hiyo pamba hunywa mvuke ulio hewani hata kabla haujawa matone. Poliesta, ambayo hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli, karibu haina sehemu za namna hiyo. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, gramu 100 za pamba kavu hunywa gramu 8 hivi za maji, ilhali gramu 100 za poliesta hunywa chini ya nusu gramu. Kitani huzidi pamba kidogo. Nailoni huwa katikati, kwa kiasi cha gramu 4.

Tuseme shuka la kitanda kipana lina uzito wa gramu 600. Likiwa la pamba, linaweza kuchukua gramu 48 za maji kutoka hali ya ukavu kabla halijahisiwa kuwa bichi. Likiwa la poliesta tupu, huchukua gramu 2 na nusu tu. Mvuke uliobaki hukaa kati ya ngozi na shuka, na hewa iliyoshiba mvuke haipokei mvuke mwingine. Jasho huacha kukauka, ngozi huloa, na mlalaji huamka. Hii ndiyo sababu watu husema kwamba shuka fulani «linachoma», ingawa shuka lenyewe halina moto wowote.

Watu wa pwani na bara walilijua jambo hili kwa uzoefu. Kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara kutoka Marekani katika karne ya 19 kilipewa jina la nchi kilikotoka, kikaitwa marekani, na kilienea hadi ndani ya bara. Hata leo, mtu anayeona joto kali hujifunika khanga kuukuu ya pamba na kuliacha shuka zito.

Hata hivyo, pamba ina upungufu wake. Ikiloa sana hukawia kukauka, hung'ang'ania ngozi, na alfajiri, wakati Arusha ina baridi, huweza kumtia mlalaji kibaridi. Kwa mtu atokwaye na jasho jingi, dawa ni shuka la pamba lililo jepesi, pamoja na shuka la akiba karibu na kitanda.

Mtande na mshindio

Aina ya nyuzinyuzi haitoshi. Kitambaa hufumwa kwa nyuzi za aina mbili: mtande, yaani nyuzi ziendazo kwa urefu, na mshindio, yaani nyuzi zipitazo kwa upana. Katika ufumaji wa kawaida, mshindio hupita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya ule unaofuata. Kitambaa chake huwa imara na chepesi. Katika ufumaji wa satini, uzi hupita juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kushuka. Kitambaa chake hung'aa na huteleza, lakini huilalia ngozi kwa karibu zaidi, na mara nyingi huwa kizito. Kwa mtu mwenye joto, ufumaji wa kawaida ndio bora.

Njia rahisi ya kutambua wazi wa kitambaa ni kukishika kuelekea kwenye mwanga wa dirisha. Kitambaa kinachoonyesha vitundu vidogo vidogo vilivyo sawasawa hupitisha hewa. Njia nyingine ni kukiweka mdomoni na kupuliza. Mkono ulio upande wa pili huhisi upepo au hauhisi.

Makosa manne ya wanunuzi

Kosa la kwanza ni kulipima shuka kwa kiganja. Kitambaa laini cha poliesta huonekana baridi kinapoguswa, kwa sababu uso wake ulio laini huigusa ngozi katika sehemu nyingi na kuchukua joto lake kwa ghafula. Lakini baada ya dakika chache kitambaa huwa kimefikia halijoto ya ngozi, na baridi ile hutoweka. Dukani mnunuzi hugusa kwa sekunde tano. Kitandani hulala kwa saa nane.

Kosa la pili ni kuhukumu kwa rangi. Ni kweli kwamba nguo nyeupe huakisi mwanga wa jua. Usiku hakuna jua chumbani, na kwa mawimbi ya joto la mwili, shuka jeupe na shuka la buluu hazina tofauti ya maana. Shuka jeupe halina ubaridi zaidi. Huonyesha uchafu mapema, basi.

Kosa la tatu ni kuvutwa na hesabu kubwa ya nyuzi. Kwenye mifuko ya mashuka huandikwa idadi ya nyuzi zilizomo katika inchi moja ya mraba. Baadhi ya watengenezaji husokota nyuzi nyembamba mbili au tatu pamoja, kisha huhesabu kila moja peke yake. Idadi hupanda bila kitambaa kuwa bora. Aidha, nyuzi zikibanana mno, hewa haipiti. Nyuzi kati ya 200 na 400 zinamtosha mlalaji mwenye joto.

Kosa la nne ni kuamini jina la mmea. Yapo mashuka yauzwayo kwa jina la mianzi. Kwa kawaida mianzi hiyo huwa imeyeyushwa kwa magadi makali na kemikali iitwayo kaboni disalfaidi, kisha ikatengenezwa upya kuwa nyuzinyuzi za viskosi. Viskosi hunywa maji vizuri kuliko pamba, kwa hiyo mlalaji hapati hasara. Lakini kemikali hiyo hudhuru mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wasiokingwa, na kiwanda kisichoirudisha katika matumizi huchafua hewa. Jina la mmea peke yake si ushahidi kwamba shuka halikudhuru mazingira.

Shuka na chandarua

Jambo hili lina uzito kuliko starehe peke yake. Joto ni mojawapo ya sababu zitajwazo mara kwa mara na watu wasiotumia vyandarua. Chandarua hupunguza mwendo wa hewa, na mtu aliyekwisha kulowa jasho hukifunua. Mkoa wa Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, lakini mwanafunzi wa Lemara husafiri kwenda kwa jamaa au kusoma katika mikoa ya joto na mbu, na huenda huko na mazoea yake ya kulala.

Inafaa kutambua kwamba kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya nyuzi za polithini zenye dawa ndani yake. Polithini hainywi maji kabisa, na kwa chandarua hiyo si kasoro, maana kazi yake ni kuzuia mbu na kuihifadhi dawa kwa miaka. Shuka ligusalo ngozi lina kazi nyingine, na kwa hiyo lahitaji nyuzinyuzi nyingine. Badala ya kukiondoa chandarua, mlalaji na abadili kwanza shuka na blanketi.

Majaribio matatu

Mashuka mengi huuzwa bila lebo, hasa yale ya mitumba, na lebo nyingine si za kuaminika. Majaribio haya hufichua ukweli.

1. Jaribio la tone. Fua kitambaa ili kuondoa wanga wa kiwandani, kikaushe, kisha dondoshea tone moja la maji. Hesabu sekunde mpaka tone linyweke. Pamba iliyofuliwa hunywa tone upesi. Kitambaa cha poliesta isiyotiwa dawa ya kuvuta maji huliacha tone likae juu kwa muda mrefu zaidi.

2. Jaribio la moto. Mwalimu achomoe nyuzi chache kutoka kwenye pindo, azishike kwa koleo juu ya kisahani chenye maji, na kuziwasha, mbali na nguo na nywele. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi iunguayo, na huacha jivu laini. Poliesta hujikunja kuukwepa moto, huyeyuka, na huacha kijiwe kigumu cheusi. Kijiwe hicho kisiguswe mpaka kipoe. Kitambaa cha mchanganyiko, kama tetroni, huonyesha dalili za aina zote mbili.

3. Jaribio la unyevu. Chukua vipande viwili vilivyofuliwa, kimoja cha pamba na kimoja cha poliesta, kila kimoja gramu 50. Vianike kwenye jua kali mpaka vikauke kabisa, kisha vipime upesi kwa mizani ya maabara. Vitundike usiku kucha ndani ya sanduku lililofungwa lenye beseni la maji chini, bila kuvigusisha maji. Asubuhi vipime tena. Pamba itaongezeka gramu kadhaa. Poliesta karibu haitaongezeka.

Shuka lisiloharibu mazingira

Tanzania hulima pamba, hasa katika mikoa ya Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita, na kituo cha utafiti cha Ukiriguru kimetoa mbegu zake kwa miongo mingi. Pamba hiyo hutegemea mvua, wala haikaushi mito kwa umwagiliaji kama ilivyotokea katika nchi zilizozunguka Bahari ya Aral. Tangu mwaka 1994 wapo wakulima wa wilaya ya Meatu walioanza kulima pamba bila mbolea na dawa za viwandani. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba ya nchi huuzwa nje ikiwa bado haijasokotwa. Vipo viwanda vinavyoisokota na kuifuma nchini, kama vile Sunflag kilichoanzishwa Arusha mwaka 1965. Poliesta kwa upande wake haiozi, na kila ifuliwapo hutoa vipande vidogo sana vya plastiki viendavyo na maji machafu.

Lakini shuka bora kwa mazingira ni lile lidumulo. Tuseme shuka moja lina bei ya shilingi 12,000 na hudumu mwaka mmoja, na jingine lina bei ya shilingi 30,000 na hudumu miaka minne. Bei hizi ni za mfano wa hesabu tu. Kwa miaka minne, shuka la bei nafuu humgharimu mnunuzi shilingi 48,000. Kwa sababu hiyo, shuka la mitumba la pamba ambalo bado ni imara huweza kuwa chaguo jema kuliko jipya lisilodumu.

Utunzaji nao una sehemu yake. Dawa za kulainisha nguo huacha utando juu ya nyuzinyuzi na kupunguza unywaji wa maji. Sabuni ya kawaida, maji ya kutosha ya kusuuza, na jua vinatosha.

Jasho lisilosababishwa na shuka

Si kila jasho la usiku hutokana na matandiko. Kina mama waliokaribia au waliofikia umri wa kukoma hedhi hupatwa na joto la ghafula, nao hunufaika na mashuka mepesi ya pamba. Lakini mtu atokwaye na jasho jingi usiku hata wakati wa baridi, na huku anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, ana homa, au anapungua uzito, asitafute shuka. Aende kupimwa kifua kikuu. Ugonjwa huo hutibika, na hospitali ya Kibong'oto katika mkoa jirani wa Kilimanjaro imeshughulika nao kwa miaka mingi.

Hitimisho

Shuka halizalishi baridi. Kazi yake ni kuliacha joto la mwili lipite na kuupokea mvuke wa jasho ili ngozi iendelee kukauka. Kwa hiyo mwenye joto na achague pamba, ufumaji wa kawaida, uzito mdogo na nyuzi zisizobanana. Na kabla ya kununua jingine, afungue dirisha lenye wavu, apunguze blanketi, na alipime lile alilo nalo. Huenda akagundua kwamba shuka limfaalo limo sandukuni mwake tayari.

Maswali

1. Eleza kwa nini gramu 30 za jasho lililokauka humpoza mlalaji kuliko gramu 100 zilizotiririka na kulowesha godoro.

2. Kitambaa kina poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35. Kwa kutumia gramu 8 kwa pamba na gramu 0.4 kwa poliesta, kadiria maji yatakayonywewa na gramu 100 za kitambaa hicho katika unyevu wa asilimia 65.

3. Mtu akikausha gramu 10 za jasho kwa saa moja, huondoa joto la wati ngapi?

4. Kwa nini nyuzi zifaazo kwa chandarua hazifai kwa shuka?